Maman Anataka Maji, Hataki Moto

Maman yangu alitangaza jambo lake mezani, Jumapili mchana, tonton, mdogo wake maman, akiwa na tonge la fufu mkononi na mimi nikiwa na mtoto anayelia kwa sababu ya jino. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi.

"Nikikufa, musinizike, na musinichome. Nataka ile ya maji."

Kwa wasiojua, nieleze. Ni namna mpya ya kumaliza mambo ya maiti. Mwili unawekwa ndani ya pipa kubwa la chuma, pamoja na maji ya moto na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Baada ya saa kadhaa nyama imeyeyuka, imebaki mifupa. Mifupa inasagwa, familia inapewa unga mweupe, na maji yanasafishwa yanaenda zake kwenye mfereji. Hakuna moshi, hakuna jeneza la mbao nzuri la kuozesha chini. Hapa Brussels bado ni maneno tu, hairuhusiwi kwa binadamu. Maman aliiona kwenye televisheni ya nyumba ya wazee, alikofanya kazi miaka mingi akiogesha Wabelgiji ambao watoto wao walikuwa na shughuli nyingi sana. Sasa moyo wake mwenyewe umechoka. Daktari alituambia bila kuzunguka.

Tonton akaweka tonge chini. Tonton! Nilikuwa sijawahi kuona hilo.

"Yaya, dada yangu mukubwa, kwetu tunaloweka muhogo. Muntu, hapana!"

"Muhogo unalala mu maji siku tatu," maman akajibu. "Mimi ni masaa tu. Donc niko afadhali."

"Na siku ya ufufuo? Utatokea wapi, mu robinet ya maji?"

Nikaingilia: "Tonton, na bale balizama mu ziwa Kivu, Mungu atabasahau?"

"We nyamaza, nyonyesha mutoto."

Bon. Nina miaka ishirini na sita, nimemaliza sekondari, nimezaa, nalipa nyumba Etterbeek, kila asubuhi nasafisha ofisi za wakubwa wa Umoja wa Ulaya pale Schuman. Lakini mezani kwa tonton mimi bado ni wa kunyonyesha na kunyamaza.

Kufika Jumatano kikundi chote cha maombi kilikuwa kimejua. Simtaji aliyewaambia, ila alikuwa amerudia fufu mara mbili. Akaja kwangu maman mmoja wa kwaya, eti kusalimia mtoto. Mkononi alibeba chupa sita kubwa za maji ya dukani. Nikamshukuru. Nikamwambia naweka chai.

"Chai ya maji ya wapi?"

"Ya robinet, maman."

"Asante, niko sawa." Akasogeza chupa zake karibu na mtoto. "Mupikie uji na hii. Banasema bazungu bameanza kuyeyusha bantu babo, halafu maji inarudi mu nyumba."

"Maman, haiyaanza. Na hata ikianza, haitarudi kwenye robinet."

Akainuka, mtu mzima na kilemba chake cha ibada, akafunua birika langu la umeme. Mnajua maji ya Brussels yalivyo: ukichemsha wiki moja, birika linashika magamba meupe ndani. Akagonga kwa kidole.

"Na hii nyeupe ni nini?"

"Ni calcaire, maman. Chokaa."

"Eeh. Calcaire. Njo jina bameipatia."

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana alikuwa anamtazama mtoto wangu kwa huruma ya kweli, kama mtu anayetazama yatima.

Msifikiri wazungu walinifariji. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mbelgiji wa baiskeli na maziwa ya shayiri, alinisimamisha kwenye ngazi. Kuta zetu ni nyembamba, alikuwa amenisikia nikilisimulia kwenye simu kwa Kifaransa. Macho yalimmeta.

"Mais c'est magnifique! Mama yako ni mfano mzuri kwa Afrika!"

Akanieleza habari za hewa chafu, ardhi, vizazi vijavyo. Huyu ndiye anayenigongea mlango nikiweka chupa ya mafuta kwenye mfuko wa taka usio wake. Brussels tuna mfuko mweupe, wa bluu, wa njano, wa rangi ya machungwa. Nikaona sasa amepata na mahali pa kumweka maman. Nikamuuliza kwa adabu zangu zote: na mama yako wewe, utampeleka kwenye maji?

"Ah non, maman yeye tuna kaburi la familia." Akashika ukingo wa ngazi. "Ni kitu tofauti."

Bila shaka ni tofauti. Dunia ikitaka kuokolewa, watangulie mama zetu.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza maman kwenye commune, ofisi ya manispaa. Pale mtu anaweza kuandikisha anavyotaka afanyiwe akifa, nao wanaweka. Karani wa guichet, binti wa umri wangu, akatoa fomu dirishani. Kuzikwa. Kuchomwa. Basi.

"Na maji?" maman akauliza.

"Haiko bado, madame. Lazima uchague katika hizi."

"Alors nisikufe kwanza?"

Karani akacheka, akidhani ni mzaha. Nikampandishia sauti hadi mlinzi akageuka. Nilisema mambo ambayo mtoto wangu, namshukuru Mungu, bado haelewi. Maman akanivuta shati, tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje.

Hapo ndipo aliponieleza. Siku mlima ulipotapika moto juu ya Goma, ule moto ulipita makaburini. Mama yake alikuwa amelala pale. Waliokimbia waliporudi walikuta jiwe jeusi, halina mwanzo wala mwisho. "Alikuwa amekwisha kufa, na moto ukamufuata mpaka kule. Mimi, moto, hapana." Na udongo wa huku ni wa kukodi, muda ukiisha wanakutoa, aliona barua za namna hiyo zikiwafikia watu kazini kwake.

Kisha akasema: "Umejibu tonton. Umejibu maman wa kwaya, na muzungu wa kule chini, na huyu mutoto wa guichet. Mimi, hauyanijibu."

Ilikuwa kweli. Nilimpigania kwa kila mtu, na yeye sikumwambia ndiyo. Kwa sababu kila nikimwogesha mtoto jioni lilikuwa linanijia lile pipa, nikafunga bomba haraka.

"Sitaki," nikamwambia. "Sitaki maji, sitaki udongo, sitaki kitu. Nataka ubakie."

"Hiyo nayo haiko ku fomu."

Akanipangusa pua na kitambaa cha mtoto. Nikasema ndiyo. Nikasema nitafanya, hata tonton akilala mlangoni.

Tukarudi ndani. Maman akaweka alama kwenye kuzikwa. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, nikikandamiza kalamu: MOTO HAPANA. MAJI, SIKU YAKIRUHUSIWA. Nikaandika tena kwa Kifaransa. Karani akasema maneno hayo hayana nguvu ya sheria.

"Piga muhuri," nikamwambia.

Akapiga.