Karavani Yenye Mshono Mmoja

Kwa miaka ishirini na tisa Verna Nankivell alifunga pasti, vile vitumbua vya unga vya kukunjwa na nyama ndani, kwa mkono katika duka la mikate la Moonta, Australia Kusini. Unga ukishasukumwa, nyama, viazi na vitunguu vikishawekwa katikati, kazi iliyobaki ilikuwa ya kidole gumba: kukunja, kubana, kusogea, kubana tena, hadi pindo lote likaze. Pasti iliyofungwa ovyo ilivuja mchuzi kwenye trei na kuungua. Yeye alivujisha labda moja kwa mwezi, na hiyo aliila mwenyewe, wima, nyuma ya tanuri, mtu asiione.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, baridi ilipoanza kubana, karavani, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari, zilipanga foleni mbele ya duka hilo. Waliozivuta walikuwa wastaafu wa mji, wakielekea Carnarvon kwenye joto, kwa njia ya uwanda wa Nullarbor. Walinunua pasti za safari, na Verna ndiye aliyewapitishia madirishani. Mbele ya msafara, miaka ya karibuni, alikuwa daima Murray Penhale, mume wa dada yake Glenys, mwenye karavani ndefu kama darasa.

"Shemeji, safari hii tukuletee nini? Ndizi tena?"

"Niletee hiyo karavani yako."

Watu walicheka, injini zikaunguruma, naye akarudi kwenye tanuri. Hakuwahi kuvuka mpaka wa magharibi wa jimbo lake maishani mwake.

Si kwamba nyumbani kwao hawakuwahi kujaribu. Miaka tisa kabla ya Verna kustaafu, mwezi wa Februari, mumewe Lyall alinunua karavani kwa furaha ya ghafla. Tangu Oktoba tone la mvua halikuwa limeanguka, na ile karavani ilikuwa kavu kama biskuti. Juni ilipoleta mvua ya kwanza, maji yaliingia kwenye pembe, na kuta zikavimba kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Mbao zilikuwa zimeoza siku nyingi. Jua lilikuwa limezikausha tu. Kosa hilo wamelifanya wengi pale Moonta, maana wakati wa kiangazi kila karavani ni nzima. Ya Lyall iliishia nyuma ya nyumba, wakakaa humo kuku kumi na mmoja. Murray aliipa jina la Hoteli Nankivell.

Mwaka aliostaafu Verna, walikuwa wamejiwekea dola elfu kumi na tatu. Lyall, ambaye magoti yake yaliharibika kwa kazi ya kupiga lipu, alimtazama juu ya kikombe cha chai.

"Verna, hii ni mara ya mwisho. Tukibugi tena, mimi nakaa nyumbani na kuku."

"Hatubugi. Ila nachagua mimi. Na hatununui kitu mpaka mvua inyeshe."

Februari ikapita, Machi ikapita. Murray alikuwa akisimama getini kila akipita na gazeti lake.

"Bei ziko chini sasa hivi, shemeji. Unangoja nini?"

"Nangoja mvua."

"Unanunua karavani au unapanda shayiri?"

Mvua ilifika Mei ikielekea kuisha, Jumanne asubuhi, nzito na ya mshazari. Verna alivaa koti, akapiga simu ya kwanza.

"Leo?" aliuliza mwenye karavani, kule Wallaroo. "Mama, huoni kunavyonyesha?"

"Ndiyo maana naja."

Karavani ile ilikuwa nzuri ya kutamanisha: mapazia mapya, zulia jipya, harufu ya limau. Verna hakutazama zulia. Alifungua kabati la juu ya kitanda, akaingiza kichwa na kuvuta pumzi. Nyuma ya limau palikuwa na kitu kingine, kama kitambaa cha sakafu kilichosahauliwa kwenye ndoo. Akapeleka kidole gumba kwenye pembe, chini ya dirisha la mbele, akabana. Ukuta ulipokea kidole kama unga uliokandwa ukalala.

"Unyevu kidogo tu," alisema mwenye karavani. "Utakauka."

"Najua utakauka. Hapo ndipo penye tatizo."

Ya pili, Alhamisi, walimkuta nayo mwalimu mstaafu pale Kadina. Kuta zilikuwa ngumu, kabati zilinuka mbao tu, na ilikuwa na choo chake. Verna alipiga magoti kwenye matope akasoma tarakimu ndogo za mwaka zilizochongwa ubavuni mwa matairi. Yaling'aa, lakini yalikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Hayo yangeweza kubadilishwa. Akaomba karavani ipelekwe kwenye mizani, pale wanapopima malori ya nafaka. Mizani ikasema kilo mia tatu zaidi ya uzito ambao gari lao la zamani liliruhusiwa kuvuta.

"Litavuta tu, mama," alisema mwalimu. "Gari hilo lina nguvu."

"Sina shaka litavuta. Ninachouliza ni kama litasimama."

Walipofika mtaani kwao Lyall alimgeukia.

"Tuichukue ile," alisema. "Tutakwenda polepole. Zimebaki siku tisa, Verna. Tukikosa Juni hii, mwakani magoti yangu hayatakubali. Unanijua."

Alimjua. Usiku huo nusura akubali. Aliiona ile karavani, choo chake, meza yake nyeupe. Halafu akaona mteremko wa Port Augusta na kitu kizito kikiwasukuma kutoka nyuma. Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Akapiga simu ya tatu.

Ottavio Bressan alikuwa mkulima wa vitunguu nje ya Port Pirie. Aliwapokea na mwavuli, akawapeleka kwenye kitu kidogo cha mviringo, rangi ya jibini ya zamani, chenye mapazia ya rangi ya machungwa.

"Ni yai," alisema Lyall.

"Ni faibaglasi," alisema Ottavio. "Haina mbao ukutani. Vipande viwili tu, cha chini na cha juu."

Verna alikuwa ameshaanza kuizunguka, kiganja chake kikiteleza kiunoni mwa karavani, pale vipande viwili vilipokutana. Mshono mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Alizunguka yote kwenye mvua, akibana, akisogea, akibana tena. Aliporudi mlangoni alikuwa anacheka peke yake.

"Lyall, hii ni pasti."

Ndani mlikuwa mkavu. Nyuma ya mlango wa kabati Ottavio alikuwa ameandika kwa penseli, tarehe kwa tarehe, kila alichofanya: raba ya mshono imebadilishwa, beringi zimetiwa grisi, breki, matairi. Verna alisoma yote, mstari kwa mstari, akatoka kuyalinganisha na matairi yenyewe. Hakukuwa na uongo hata mmoja.

"Haina choo," alisema Lyall.

"Ina ndoo," alisema Ottavio. "Nzuri sana."

Mizani iliipitisha kwa urahisi. Waliinunua kwa elfu kumi na moja, na kilichobaki kikawa cha petroli.

Murray alipoiona alishika tumbo kwa kucheka. "Shemeji! Hili limetagwa na kuku wa hotelini?"

"Ngoja lianguliwe."

Jumamosi ya kwanza ya Juni Verna alikaa kwenye foleni, ndani ya gari, na binti mgeni wa duka akampitishia pasti dirishani. Aligeuza moja, akakagua pindo.

"Si baya," alisema, na machozi yakamlengalenga kidogo.

Siku ya tatu, alasiri, walikuwa kambini Ceduna, viti vimepangwa duara na vinywaji mkononi kama desturi, wakati upepo wa baharini ulipogeuka. Mvua ilikuja kwa ubavu. Kila mtu alikimbilia kwake. Haikupita nusu saa mlango wa yai ukagongwa. Alikuwa Glenys, blanketi kichwani, na Murray nyuma yake, mabega yamelowa.

"Dirisha la darini," alisema Glenys. "Na pembe ya mbele. Godoro lote, Verna. Lote."

Walikaa wanne, magoti kwa magoti. Verna alipasha pasti. Murray aliiweka yake gotini. Alitazama dari, akatazama pembe zote, kisha akanyoosha kidole gumba akabana ukuta chini ya dirisha. Akasogea, akabana tena.

"Kavu," alisema.

"Kula, shemeji, inapoa."

Asubuhi jua lilitoka. Karavani ya Murray ilihitaji siku mbili za fundi. Watu wa msafara walisimama kwenye madimbwi, wakijiuliza nani ataongoza, maana wa mbele ndiye mwenye redio na ndiye anayewaonya wengine juu ya malori. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa Murray. Aliitoa redio garini, akaifuta kwa shati, akawapita wanaume wote, Lyall pia, akaiweka mkononi mwa Verna.

"Wewe ndiye uliyejua kungoja," alisema. "Twende tu, tutakufuata Alhamisi."

Saa nne yai la rangi ya jibini lilishika barabara ya Nullarbor, karavani saba nyuma yake. Barabara ilinyooka hadi ikakosa mwisho. Kitu kidogo kikachomoza mbele, kikakua, kikawapita kwa kishindo. Verna alibonyeza kitufe kwa kidole gumba.

"Lori linakuja, refu, mabehewa matatu. Shikeni kushoto, Moonta. Mimi nimeshapishana nalo, ni salama."