Ndugu Yangu na Daktari wa Redioni

Serikali ilipotuletea redio ya mawasiliano, ndugu yangu mkubwa alikuwa hajaingia darasani kwa miezi mitatu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila asubuhi alivaa tai akaaga nyumbani, na kufikia saa nne alikuwa ameshaketi kwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji. Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Kanyangi. Mtu akibisha mlango tu, niliwaza: labda ni habari zake.

Redio ilifungwa katika chumba cha dawa, ikitumia betri ya gari. Tuliambiwa serikali imeshalipia, na kwamba kila Jumatano saa tano daktari wa magonjwa ya akili angetusikiliza kutoka Nairobi. Nilimweleza habari za wagonjwa wengine. Za ndugu yangu nilizimeza, kwa sababu zahanati zote kutoka Kabati hadi Mutomo zilisikia kila neno.

Jumatano ya tatu ndugu yangu alikuja mwenyewe zahanati. Alikuwa hajaonja pombe tangu Jumatatu. Mikono ilimtetemeka, jasho lilimtoka, na alikuwa akipangusa siafu ambao hawakuwapo. Nilijua mlevi akiacha ghafla anaweza kufa, basi nikaita redioni. Daktari akaomba kuongea naye. Nilimwonya kwamba wilaya nzima ingesikia.

"Wanajua nakunywa," aliniambia. "Hawajui naogopa."

Akamweleza daktari kwamba alianza kunywa mkewe alipofariki, na sasa hakujua kuacha wala kuendelea. Kisha sauti ya mwanamume, kutoka zahanati ya Mutomo, ikasema, "Mwalimu, endelea. Mimi pia niko hivyo."

Daktari alinielekeza sindano na vitamini, akasisitiza nisimwache peke yake. Nilikaa naye siku nne katika nyumba yangu ya kazi. Yeye alilala, mimi nilizunguka chumba, nikaosha vyombo vilivyo safi, nikarudi kusikiliza kama anapumua.

Baada ya hapo hakukosa Jumatano. Mara mbili alirudia pombe, na mara zote mbili akakiri redioni. Watu wa vijiji vingine wakaanza kufika kwenye zahanati zao saa tano kusikiliza, kisha kuongea.

Mwaka uliofuata betri ilichoka. Niliandika barua, nikajibiwa kwamba fedha za mradi zimekwisha. Jumatano ya mwisho nilibonyeza kitufe nikasikia mvumo mtupu. Ndugu yangu alisubiri kwenye benchi hadi adhuhuri, kisha akaondoka. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika karibu na kwa mama pima alisimama, nami nikasimama.

"Dada, mbona unanifuata kama askari?" aliuliza bila kugeuka.

Akasema anaenda kutafuta basi la Mutomo, amwone yule mwanamume wa redioni uso kwa uso.

Alimpata; alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Walianza kukutana kila wiki katika chumba cha kanisa, wawili, baadaye tisa. Ndugu yangu alirudishwa kazini na hakunywa tena. Lakini kwa miaka mingi, kila aliponisalimia, nilimkumbatia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nikinusa pumzi yake. Alijua ninachofanya. Alisimama tu akaniacha nimalize.