Jumamosi Niliyomkana Mzee

Mzee alinipigia simu siku ya Alhamisi, nikiwa jikoni kwangu Tumba, nje ya Stockholm, nakaanga vitunguu, akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

"Kuna mbio za magari ya zamani, mwanangu," alisema. "Yale ya Marekani, yenye injini kubwa. Nimeona tangazo lake kwa duka. Twende sisi wawili."

Nikamwambia Jumamosi nina zamu kwenye karakana ya mabasi ninakofanya kazi. Sikuwa na zamu yoyote. Nilikuwa nimeshakubaliana na wenzangu watatu wa kazini kwenda kwenye mbio hizo hizo pamoja na msimamizi wetu, kwa gari lake.

"Haya, kazi kwanza," akasema. "Basi nitakusimulia."

Nilipokata simu vitunguu vilikuwa vimeshaungua.

Mzee huyo alikuwa Mganda. Kampala alikuwa na gereji yake, na alikuwa fundi wa magari makubwa ya Kimarekani ambayo matajiri wa mjini walipenda kutembelea enzi hizo. Miaka ya sabini aliikimbia nchi akaiacha gereji na kila kilichokuwa ndani yake. Stockholm alikuwa akisafisha madarasa ya shule, na alikaa peke yake katika chumba na sebule huko Sundbyberg. Nilipokuja kutoka Tanzania kusomea ufundi wa mabasi, mipango yangu ya makazi ikavurugika, na mtu mmoja kanisani akanipeleka kwake. Nililala kwenye kochi lake miezi minne. Alinipa koti lake la baridi, yeye akavaa sweta mbili. Alinifundisha kutembea kwenye barafu bila kuanguka, miguu bapa kama bata, tukacheka mpaka majirani wakafungua madirisha.

Sasa nieleze kwa nini nilimdanganya, ingawa sababu yenyewe haipendezi. Nilimwonea aibu. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa ndani ya treni. Alisalimia watu asiowajua, akiwashika mkono bila kuuachia. Kila alikokwenda alivaa suti ile ile ya kahawia na kofia. Mimi karakana nzima nilikuwa Mwafrika peke yangu, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimejifunza kukaa kama wao: kunyamaza wakati wa kahawa, kucheka vichekesho ambavyo nusu yake sikuvielewa, kutomgusa mtu. Niliamini nimefika mahali. Nikaogopa kwamba mzee angenirudisha nilikotoka kwa salamu moja tu.

Mbio zilifanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini. Ilikuwa Agosti na jua lilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuliona Uswidi. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, wanakula soseji na viazi vya kuponda, watoto wameziba masikio kwa vidole. Na yale magari! Mapua marefu, mabega mapana, rangi nyekundu na njano na kijani, mistari miwili myeupe kutoka mbele mpaka nyuma. Yalikuwa yametengenezwa kwa barabara zilizonyooka za huko kwao, si kwa kona. Yakifika kwenye kona yalilala upande kama ng'ombe mnene anayegeuka, matako yakatoka nje, tairi zikafuka moshi, halafu dereva akakanyaga mafuta na ngurumo ikakupiga kifuani kabla haijafika masikioni. Mimi ni mtu wa dizeli, nimezoea injini zinazofanya kazi bila kujisifu. Siku ile nilipiga kelele kama mtoto. Msimamizi wetu alinigeukia akacheka, akanipa soseji yake ya pili. Nilifurahi sana. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu furaha ile ndiyo inayonitia haya zaidi.

Gari tulilolipenda wote lilikuwa la bluu. Mwenyewe alikuwa Mswidi mrefu mwenye mvi, aliyevaa ovaroli nyeupe. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba alilinunua likiwa chuma chakavu akalijenga upya kwa mikono yake, miaka mingi, katika gereji ya nyumbani. Asubuhi alishinda raundi yake. Alasiri magari yalipangwa kwa ajili ya fainali, lakini gari moja likamwaga oili njiani, wakaambiwa wazime injini wasubiri isafishwe. Wakasubiri juani. Walipoambiwa wawashe, yote yakawaka isipokuwa lile la bluu. Stata ilizunguka, injini ikakohoa mara moja, kimya. Akajaribu tena. Kimya.

Sisi tulikuwa tumesimama karibu kabisa, nyuma ya kamba iliyowatenga watazamaji. Msimamizi wetu akasema labda ni umeme. Mimi sikujua. Hapo ndipo nilipoiona suti ya kahawia.

Alikuwa upande wa pili wa umati, hatua kama thelathini kutoka kwangu. Aliinua kamba, akainama, akapita chini yake, anatembea kuelekea lile gari huku ameshika kitambaa chake cha mfukoni kinachochuruzika maji. Kabla hajafika, mwanamke wa usalama aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa alimshika mkono. Hakumshika kwa ubaya. Mzee akaanza kumweleza kwa Kiswidi chake cha maneno kumi. "Bensin," alisema, akionyesha boneti. "Bensin varm." Alitaka kusema kwamba petroli ina moto. Yule mwanamke akaangalia kitambaa, akaangalia gari, na nikaona kwamba amesikia neno petroli na neno moto tu, akaogopa.

Akatazama huku na huku kutafuta msaada. Macho yake yakanikuta. Katika umati ule wote sisi wawili ndio tuliokuwa weusi.

"Yuko na wewe?" akaniuliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya kusikika.

Mzee naye akageuka. Aliponiona uso wake wote ulifunguka. Hakuonyesha hata kidogo kushangaa kwamba sikuwa kazini.

"Mwanangu!" akaita kwa Kiswahili. "Mungu amekuleta. Mwambie huyu mama, gari haina ugonjwa. Petroli imechemka kwa paipu, hapo karibu na pampu. Waweke kitambaa na maji baridi, wangoje dakika mbili, itawaka. Kampala nilifanya hivi kila siku. Mwambie!"

Wenzangu watatu walikuwa wananitazama.

"Nej," nikasema. "Jag känner honom inte." Hapana, simjui.

Sentensi hiyo ni fupi, na ni ya somo la kwanza kabisa la Kiswidi. Mzee aliielewa. Nilimwona akiielewa. Alikunja kile kitambaa mara mbili kwa uangalifu ingawa kilikuwa kinalowesha mkono wa koti, akamfuata yule mwanamke mpaka nje ya kamba. Hakunitazama tena.

Nimejitetea mara nyingi kichwani. Nimesema nilikasirika kwamba yule mwanamke alituona kuwa kitu kimoja kwa sababu ya ngozi. Na kweli nilikasirika. Lakini hasira ile ilimstahili yule mwanamke, mimi nikaenda kumpa mzee.

"Alikuwa anasema nini?" msimamizi wetu aliniuliza.

"Sijui. Lugha zetu ni nyingi," nikajibu.

Gari la bluu lilisukumwa pembeni kwa mikono. Fainali ilichelewa tena kwa dakika kadhaa, na katika dakika zote hizo ningeweza kuruka kamba nikaenda kumwambia mwenye gari maneno niliyoambiwa. Ningeweza hata kujifanya yametoka kichwani mwangu. Sikwenda. Bendera ikashuka, magari yakaondoka kwa ngurumo, na yule Mswidi mwenye mvi akakaa juu ya tairi la akiba, ameyapa mgongo magari. Sikumbuki nani alishinda.

Tulipokuwa tunarudi tulipita kituo cha basi. Mzee alikuwa amesimama pale peke yake, kofia mkononi, anajipepea. Msimamizi wetu akapunguza mwendo.

"Yule si yule mzee? Basi hapa huja kwa nadra sana Jumamosi. Tumbebe? Nyuma mkijibana anaingia."

Wenzangu wawili niliokaa nao nyuma wakaanza kusogea. Wakasogea bila kuambiwa mara ya pili, watu wale ambao nilidhani salamu moja ya mzee ingewafanya wanidharau.

"Nafikiri anamngoja mtu," nikasema.

Msimamizi akanitazama kwenye kioo, akaongeza mwendo.

Wiki zikapita. Simu yangu haikulia, na mimi sikupiga. Kanisani nilianza kwenda ibada ya mapema kwa sababu mzee alizoea ile ya pili. Ilipofika Oktoba, baridi ilipoanza, nilitoa kabatini lile koti alilonipa nikashindwa kulivaa. Jumapili hiyo hiyo nilipanda treni mbili mpaka Sundbyberg.

Alinifungulia mlango. "Karibu, bwana," akasema.

Bwana. Nilikaa kwenye kochi. Akachemsha chai ya maziwa, akaleta mkate, akaniuliza habari za kazi. Nikaweka kikombe chini, nikaanza kusema, "Mzee, siku ile mimi…"

"Una kalamu?" akanikata.

Nilikuwa nayo. Akanipa karatasi, pamoja na kijitabu cha ratiba ya mbio zile kilichokuwa na anwani ya waandaaji.

"Nataka kumwandikia barua mwenye gari ya bluu," alisema. "Mwaka ujao joto litakuja tena, na gari itazima tena. Andika kwa Kiswidi safi."

Akasema, nami nikaandika. Alieleza paipu ya petroli inavyopita karibu mno na injini, jinsi ya kuisogeza na kuifunga kitambaa cha kuzuia joto, na kwamba siku ya shida maji baridi yanatosha. Alieleza kwa utaratibu, bila neno la ziada, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alikuwa fundi wa kiwango gani.

"Sasa andika hivi. Nilitaka kukwambia siku ile, lakini sijui lugha yako. Alikuwepo kijana anayejua lugha yako na yangu. Alikataa kusema. Ndiye anayeandika barua hii."

Kalamu yangu ikasimama. "Mzee, lazima tuandike hilo?"

"Mimi Kiswidi sikisomi," alijibu kwa upole. "Ukiliacha, sitajua."

Aliingia jikoni kuosha vikombe. Nilisikia maji yakitiririka muda mrefu kuliko vikombe viwili vinavyohitaji. Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Ule mstari ulipinda kuliko mingine yote. Aliporudi alitia sahihi bila kuuliza.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Yule Mswidi alikaa Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, na alimwomba mzee aende akaione injini. Mzee akaenda. Akaenda tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikawa desturi yake: treni mpaka mjini, halafu treni ya Saltsjöbanan mpaka kwa rafiki yake. Sikuwahi kualikwa kutafsiri. Niliwahi kumuuliza wanaongeaje, akanicheka kidogo. "Injini inaongea," alisema. Kiswidi chake kikakua haraka, chote kimejaa majina ya vipuri.

Mwaka uliofuata mmoja wa wenzangu alikuja kazini na gazeti la mtaani kwao. Kulikuwa na picha ya lile gari la bluu, na pembeni yake Mswidi mwenye mvi na mzee, wote wamevaa ovaroli nyeupe. Walikuwa wameshinda.

"Huyu si yule babu wa siku ile?" mwenzangu aliuliza wakati wa kahawa.

"Ndiye," nikasema. "Ninamfahamu vizuri. Nilipofika Uswidi nilikaa kwake miezi minne. Siku ile nilidanganya."

Msimamizi wetu alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari. Baadaye, tukiwa chini ya basi, aliniambia, "Ningependa ungetuambia pale kituoni, mzee alipokuwa akingoja basi." Nikaendelea kufungua nati.

Vita vilipokwisha kwao Uganda, mzee aliamua kurudi nyumbani. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Sanduku moja zima lilikuwa vifaa vya ufundi alivyopewa na rafiki yake wa Fisksätra. Tulikuwa wawili tu, na nikaona nikiliacha lile neno la msamaha siku hiyo sitalisema tena.

"Mzee, ulinisamehe?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ili kukupendeza.

"Nilikusamehe kabla basi haijafika," alisema. "Ila siku ile nilikuwa nimefurahi sana kukuona."

Kisha akanipa ncha ya kamba niishike, akasema nikaze, tukaendelea na sanduku la pili.