Kitufe Nilichokiita Tosha

Mwenyekiti wa koperative alinikuta nyumbani nikipaka mlango rangi, na kabla sijaweka brashi chini nilikuwa nimeshakubali. Alitaka programu ya mbegu ianze kutumika Ijumaa hiyohiyo kwenye depo ya Nyantende, mbele ya wageni. Programu haikuwa yangu. Ilikuwa ya binti yangu, naye saa ile alikuwa kazini Ibanda, mjini Bukavu. Alikuwa ameniambia wazi kwamba haitaanza kabla akina maman wa depo, wale wanaogawa mbegu, hawajaijaribu kwa mikono yao. Nilijua. Hata hivyo nikasema, "Hakuna shida, mwenyekiti. Itakuwa tayari."

Jibu hilo ningependa kulirudisha mdomoni.

Nilikuwa magazinie wa koperative ile, yaani mtunza depo, mpaka magoti yalipokataa kupanda kile kilima. Nilimaliza sekondari, sikuendelea. Binti yangu alisoma mambo ya ordinateri, yaani kompyuta, na koperative ilipomwomba programu ya kugawa mbegu za maharage kwa wakulima, alikuja kwangu Jumapili baada ya misa, akafungua mashine yake juu ya meza ya kulia.

"Papa, leo we njo mwalimu. Uniambie depo inatembea namna gani." Kwetu "njo" ni "ndiye" au "ndiyo".

Nilidhani ataanza kwa kuchora skrini, rangi na picha. Hapana. Alisema skrini ni ya mwisho. Kwanza tutaje vitu vilivyomo na jinsi vinavyoshikana: mkulima, mbegu, mfuko.

"Mufuko ni nini?" akaniuliza.

"Maman, unaniuliza mufuko?" Namwita maman kwa sababu ana jina la mama yangu.

"Njo nakuuliza. Mifuko mbili ya mbegu moja, kwako ni kitu kimoja ao bibili?"

Nilikuwa nimebeba mifuko maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri swali hilo. Baadaye nilimwambia kwamba kila mfuko una siku yake ya kuingia, na ule uliotangulia lazima utangulie kutoka, kwa sababu mdudu haulizi. Akafurahi, akaandika. Alisema ukikosea hapo, kwenye majina ya vitu, kila kinachofuata kinapinda, na kukinyoosha baadaye ni kazi mara kumi.

Hakuwa anajenga kutoka kwenye udongo mtupu. Alitumia kiunzi, ambacho watu wengine wamekwisha kukitengeneza kwa ajili ya programu zinazokaa kwenye wingu: nguzo na paa zimo, wewe unaleta mambo ya nyumba yako. Nikauliza wingu lenyewe liko wapi, na kama mvua ya Bukavu inaweza kulisumbua.

"Iko mashine ya batu bengine, mbali kabisa. Mvua hapana, Papa. Courant njo itatusumbua." Na kweli, hakumaliza kucheka umeme ukakatika, tukaendelea na betri.

Jumapili zilizofuata sikungoja aniite. Niliondoa sahani mwenyewe. Nilitaka kuona.

Niliona kwamba kiunzi kinajua tayari kusoma, kuongeza, kubadili na kufuta. Yeye hakuandika hata mstari mmoja kwa ajili ya hayo. Alisema anayeanza kazi hii hupoteza nguvu akitengeneza upya kile alichopewa bure. Aliandika tu sheria zilizo zetu sisi. Kwa sheria hizo kiunzi kinakupa pahali patatu pa kusimama: kabla, wakati, na baada. Hapo nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Kabla mfuko haujatoka, unatazama kama umebaki. Wakati unatoka, unapunguza hesabu. Baada ya kutoka, unamjulisha anayepaswa kujua. Ndivyo nilivyosimama mlangoni pa depo miaka yote.

"Basi mi nilikuwa kiunzi," nikamwambia.

"Kiunzi kyenye kuumwa magoti."

Kitu kingine kilichonipendeza ni gishe, yaani dirisha la kuhudumia watu. Programu haifungui depo nzima kwa kila mtu. Inafungua magishe, kila moja kwa watu wake. Kwenye gishe la mkulima, mkulima anaona mambo yake tu. Kwenye gishe la depo, maman wa depo anaona mifuko. Nikamwuliza kwa nini asiwaonyeshe wote vyote halafu afiche kwenye skrini visivyowahusu. Akasema kuficha kwenye skrini ni kama kutundika pazia mlangoni na kuliita kufuli. Ruhusa unaiandika kwenye gishe lenyewe, tangu mwanzo.

Hakupeleka chochote kwenye wingu haraka. Yote aliyaendesha kwanza pale mezani, ndani ya mashine yake, kwa wakulima wa kubuni. Kuwabuni ilikuwa kazi yangu, na sijui kama nimewahi kufanya kazi tamu namna ile. Nilimpa mkulima asiye na kijiji. Nilimpa mwingine aliyetaka mifuko chini ya sifuri. Aliniambia programu isiyojaribiwa kwa watu wabaya haijajaribiwa. Basi nikazidi kuwa mbaya. Nikamkumbusha pia wale waliokuwa wakirudi mara ya pili wamebadili kofia, na kwa ajili yao akaweka sheria ngumu: mkulima akishapata fungu lake na jina lake kufungwa kwa msimu huo, hafunguliwi depo. Anafunguliwa na binti yangu mwenyewe tu.

Mwishoni akanipa maneno. Maneno ambayo watu watayasoma hayachanganywi na programu. Yanakaa kwenye faili la peke yao, Kifaransa peke yake, Kiswahili peke yake, ili uyabadilishe bila kugusa kitu kingine. Kiswahili akaniachia mimi. Nilijivuna. Nikataka Kiswahili cha vitabuni, kile tulichofundishwa. Kitufe cha kutoa mfuko nikakiita Toa. Kitufe cha kufunga, mkulima akishapata fungu lake lote, nikataka kukiita Yatosha. Lakini nafasi ilikuwa ndogo, nikakata, ikabaki Tosha.

Msomaji wa Bukavu ameshashika kichwa. Kwetu kutosha ni kuondoa kitu ndani na kukileta nje. Kitu kikikamilika tunasema kinaenea. Mimi mwenyewe nilipiga kelele pale depo kila siku, "Tosha mufuko! Tosha ingine!" Ila nilipokaa mezani na kalamu, mdomo wangu wa depo nikauacha nje.

"Iko muzuri hii?" binti yangu aliuliza.

"Ni Kiswahili safi, maman."

"Sawa. Tutaipima na bamaman ba depo mbele ya kuanza."

Kipimo hicho ndicho nilichokitoa sadaka nikiwa na brashi mkononi.

Jioni ya siku ile nilimwambia nilichomjibu mwenyekiti. Alisimama na mkoba begani.

"Ulishasema ndiyo?"

"Nilishasema."

"Kwa jina yangu?"

Hakugombana. Hakutaka baba yake aonekane mwongo. Akafungua mashine, akapeleka programu kwenye wingu.

Ijumaa wakulima walifika mapema na magunia matupu. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki. Maman wa depo, aliyenirithi kazi na ambaye hajawahi kuniachia nafasi ya kupumua, akashika simu mpya.

"Papa magazinie, uliandika 'Toa'? Kwani tuko mu misa, tutoe sadaka?" Watu wakacheka. "Ha, iko na 'Tosha'. Basi nitoshe."

Akabonyeza. Mkulima wa kwanza akafungwa kwa msimu mzima, bila hata mfuko mmoja. Akadhani mtandao una shida, akamjaribu wa pili. Naye akafungwa. Wa tatu pia. Simu ikaandika kwamba wote wameshapata mbegu zao.

"Nimeshapata?" mzee mmoja akatikisa gunia lake. "Basi muniambie nilizikula lini!"

Mwenyekiti aliinuka mbele ya wageni. "Muzee, mashine ya binti yako inafundisha kuiba?"

Nikasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba neno ni langu na haraka ni yangu, binti hana kosa. Waliocheka walicheka. Lakini mwenyekiti alishageukia wageni kuwaambia kwamba vijana wa siku hizi hawana umakini, na kwa hilo hakunisikia, au hakutaka.

Binti yangu, aliyepigiwa simu kazini, alifika kwa moto, yaani pikipiki, matope mpaka magotini. Alisoma kitufe, akanitazama, akalibadilisha neno akiwa amesimama. Ilikuwa kazi ya kupepesa macho, kama alivyokuwa ameahidi. Akawafungua wakulima, na kabla ya jioni mbegu ziligawiwa. Msimu haukupotea. Ila koperative ilimshukuru kwa barua fupi na kazi ikampa mtu mwingine.

Nilimwomba msamaha kuhusu lile neno.

"Papa, neno ni kitu kidogo. Neno nilikuwa nimeliwekea pahali pa kukosea. We ulipatia mwenyekiti ndiyo yangu."

Sasa anatengeneza programu za watu wengine, nasikia anasifiwa. Anakaa Ibanda. Huja Jumapili, huleta samaki, huuliza habari za magoti. Bado nina maswali. Juzi nilitaka kujua itakuwaje magishe mawili yakiomba mfuko mmoja kwa wakati mmoja, ni lipi linalosikilizwa. Nililifikiria wiki nzima, nikamwuliza akiwa anakula.

"Ni mambo ya kazi, Papa," akasema kwa upole, akaniongezea mchuzi.

Siku hizi haji na mashine. Kwa ndiyo ile niliyoitoa bila kumwuliza, nilipoteza Jumapili zetu za kazi, na binti yangu haniulizi tena kuhusu kitu chochote anachokijenga.