Kibaraza cha Mama Vaileth

Atuganile alikivunja kibaraza chake mwenyewe, nyundo ya kuazima, kanga kiunoni, mtaa mzima wa Kibamba bondeni unatazama. Yeye ndiye mjumbe, na ndiye aliyemwambia kila mwenye nyumba akate kidogo mbele, njia ipanuke, basi lishuke mpaka huku. Mtaa usiopimwa ndivyo ulivyo: barabara inachangwa kama harusi, huyu anatoa ukuta, yule choo. Na mjumbe asipoanza, hakuna anayetoa.

Alikuwa na lake moyoni. Binti yake Vaileth anatembelea magongo. Chuo cha ushonaji kilishamkubali, ila kile kilima cha kwendea lami, masika yakianza, hata mwenye miguu mizima anakipanda kwa kutambaa.

"Mama Vaileth, basi lisipokuja utanijengea?" jirani yake Fakihi, mwenye duka, alimtania huku anabomoa ukuta.

"Nitakujengea na rangi ya waridi juu. We vunja!"

Wakavunja. Rogers, kijana wa mipango miji kutoka manispaa, akaja akapiga picha, akawapongeza kwa hotuba ndefu kuliko barabara yenyewe. Kisha kimya. Atuganile akamfuata ofisini.

"Shikamoo mama. Ishu sio sisi. Njia za mabasi zina mamlaka yake, lami ina wakala wake, mitaro ina mradi wake. Sie tunaratibu tu."

"Mnaratibu nini sasa, mwanangu?"

Rogers akatazama meza. "Vikao, mama."

Basi halikuja, ila malori ya mchanga hayangojagi kikao. Yaliiona njia pana, yakaifanya yao, yakapasua kuta na kuwajaza watu vumbi vifuani. Fakihi akaacha utani. Akaurudisha ukuta wake, tena akausogeza mbele kuliko wa zamani, kujilipa uchungu. Wengine wakamwiga. Atuganile alivumilia, mpaka lori lilipong'oa dirisha la chumba cha Vaileth. Hapo naye akaita fundi. Kibaraza kikarudi.

Saruji haijakauka vizuri, Rogers huyo, na watu wa kamba za kupimia.

"Mama, imepita! Ofisi zote zimekubali! Basi dogo, lina mpaka ngazi inayoshushwa kwa ajili ya walemavu!"

Wakavuta kamba toka ukuta wa Fakihi mpaka kibarazani. Hata bajaji mbili zisingepishana. Rogers akaandika kwenye simu, maneno yakimtoka mdomoni bila kujua: "Wananchi hawakutoa ushirikiano."

Atuganile akageuka. Vaileth alikuwa amesimama mlangoni na magongo yake, begi la chuo limeshaning'inia shingoni.

"Fakihi, baba, tuvunje tena."

"Mie? Nilishavunja, mama. Rangi ya waridi iko wapi?" Akaingia dukani, akashusha pazia.

Rogers na kamba yake wakaondoka, wana kikao.

Atuganile akafunga kanga kiunoni, akapiga nyundo ya kwanza.

"Mama, acha tu," Vaileth alisema.

Hakuacha. Safari hii hakuna aliyetoka kutazama.