Mama Yake Mwalimu

Kwetu, mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mimi nilikuwa wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la nyanya wa upande wa baba, mwanamke ambaye mama yangu hakuwahi kuelewana naye hata kuhusu namna ya kuwasha moto. Baada yangu walizaliwa wavulana wawili, kisha mama akasema imetosha. Jina la mama yake mwenyewe likakosa wa kulibeba.

Ukimpa mtoto jina la mtu, umempa na nafasi ya mtu huyo nyumbani. Mama alipokuwa na furaha aliniita kwa jina langu. Alipokasirika aliniita mama mkwe. "Mama mkwe, hii sufuria utaosha saa ngapi?" Wageni walicheka, nami nilicheka nao, lakini nilikuwa nimekwisha kuona kwamba hakuna mwanamke anayemkumbatia mama mkwe wake jikoni.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya parokia, huko juu milimani ukipita Othaya, na nilipofika darasa la sita yeye ndiye akawa mwalimu wetu wa darasa. Shuleni sikuruhusiwa kumwita mama. Nilimwita mwalimu kama wenzangu, nikainua mkono kama wenzangu, na nikikosea nilikosolewa kuliko wenzangu ili pasiwe na maneno. Nililikubali hilo. Ndipo akaja msichana kutoka Endarasha.

Wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu kutafuta kazi ya kuchuma chai na kahawa, wakakodi nyumba ya mbao karibu na kiwanda cha kahawa. Alikuja na sweta ya kijani ya shule yake ya zamani, mikono imemfupikia. Mama alimwambia asimame aseme majina yake. Akayasema. Mama akaweka chaki mezani. Majina yote mawili, la ubatizo na la Kikuyu, yalikuwa ya yule bibi aliyemzaa mama, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa.

"Kumbe ni wewe, maitu," mama akasema; maitu kwa Kikuyu ni mama yangu.

Na kile kitoto, badala ya kuona haya, kikamjibu mwalimu mzima, "Ndiyo mimi, mwari," yaani binti yangu.

Darasa likaangua kicheko. Hakuwa amekosa adabu hata kidogo. Ndivyo tunavyotaniana na wenye majina, na alijibu kama alivyofunzwa nyumbani. Nilitamani sana awe amekosea.

Tangu siku hiyo, katika darasa lile mimi sikuwa na mama, na mama yangu alikuwa naye. Maitu, futa ubao. Maitu, mbona leo umekohoa? Alimketisha dawati la mbele kwa sababu macho yake hayakuona mbali, na saa nne alimkatia nusu ya kiazi kitamu chake. Nusu hiyo zamani ilikuwa yangu, nilikuwa nikiipata nyuma ya ofisi ya walimu watu wasione. Sitapamba maneno. Nilimwonea kijicho. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mjinga au mwenye maringo, lakini alikuwa na akili na alikuwa mpole, na alinipenda. Alinifuata kila mahali akiniuliza kama nina nafasi tucheze kati, ule mchezo wa kurushiana mpira.

Katika kila mtihani nilikuwa namba moja na yeye namba mbili. Hilo lilinishikilia. Niliusubiri mtihani kama wengine wanavyosubiri Krismasi, kwa sababu karatasi haina masikio, haijui nani ni mama wa nani.

Tulipokuwa darasa la nane, corona ikaja na shule zikafungwa. Watu walilia, na walikuwa na sababu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimepata mama. Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, tuliketi kwenye meza ya jikoni mimi na yeye, akanifundisha sehemu, asilimia na insha, wadogo zangu wakiwa nje wanakimbizana na kuku. Pale niliruhusiwa kumwita mama huku akinifundisha. Sijawahi kusoma vizuri namna ile tena.

Siku moja tulimkuta yule msichana kwenye kituo cha kuuzia majani chai, kikapu mgongoni, barakoa imeshuka kidevuni.

"Maitu, unasoma kweli?" mama akamuuliza.

"Niko na kitabu moja tu, mwari. Nimeimaliza, nikairudia."

Jioni hiyo hiyo mama alichukua kitabu changu cha hisabati akampelekea. Nilisema ni kitabu changu. Akaniambia mimi niko na mtu aliyekihifadhi kitabu chote kichwani, nikae na yeye. Ungedhani maneno hayo yangenifurahisha.

Sasa nieleze kilichokuwa mbele yetu. Upande wa Kerugoya kuna shule ya upili ya bweni ya masista. Kila mwaka walikuwa wakiwapa wasichana wa shule za parokia mtihani wao wenyewe, na kutoka kila shule wakimchukua mmoja, bila karo. Mmoja tu. Niliwahi kwenda huko na kwaya. Niliona maktaba yenye madirisha makubwa yanayotazama Mlima, na wasichana wa sweta za rangi ya damu ya mzee wakitembea polepole na vitabu kifuani, hakuna anayewatuma kuni. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani.

Mwezi wa kumi, sisi wa darasa la nane tuliporudishwa shuleni, masista walituma habari. Mwaka huu hakuna mtihani, hawataki watoto wakusanyike. Mwalimu wa darasa anawajua wanafunzi wake, basi awapime kwa njia anayoona ni ya haki, alete jina la msichana mmoja. Mwalimu wa darasa alikuwa bado mama yangu.

Nilimngoja Jumamosi, tukiwa tunafua nguo nje.

"Mama, utaandika nani?"

"Bado naangalia."

"Unaangalia nini na mimi ndio namba moja?"

"Ulikuwa namba moja kabla ya corona." Alikamua shati la baba, akalitikisa. "Halafu wewe ukakaa miezi yote na mwalimu hapa kwa meza. Yeye alikuwa na kikapu. Sasa nikiwapima leo, napima nyinyi ama napima meza?"

"Kwa hivyo ni makosa yangu vile nilizaliwa na wewe?"

"Sijasema ni makosa."

"Sema tu ukweli. Ati ni juu ya hiyo jina."

Aliacha kufua. "Usiniletee mama yangu kwa hii maneno."

"Ni wewe ulimleta," nikamwambia. Akaendelea na kazi, na hakuniita hata mama mkwe.

Nililala nikijua ataandika jina la nani. Nilijipangia hata maneno ya kumwambia, mabaya kabisa. Hayakutumika, kwa sababu Jumatatu mama alifanya jambo ambalo sikulitegemea: alikwenda kwa mwalimu mkuu akakataa kuandika jina lolote. Mwalimu mkuu alipenda sana kuisimulia habari hiyo baadaye, kwenye harusi na kwenye mikutano ya wazazi. "Akaniambia, mwalimu mkuu, mmoja ni binti yangu na mwingine ni mama yangu. Nikihukumu hii kesi nitalala wapi?" Walimu wote walicheka, na hakuna aliyeona ajabu. Mahali pengine wangemwambia aache mchezo, huyo ni mtoto wa vibarua. Kwetu walimwondolea mzigo.

Mwalimu mkuu aliamua kwamba kila msichana wa darasa la nane atasimama ubaoni afundishe mada anayoichagua, na yeye na naibu wake wangetoa alama. Alisema mtu hawezi kufundisha asichokijua, na hakuna meza itakayomsimamia mbele ya wenzake. Mama hakuruhusiwa kuwa darasani.

Nilifundisha asilimia. Niliuza mbuzi wa kubuni kwa hasara, nikawauliza wenzangu hasara ni kiasi gani, wakanyoosha mikono, hata wale ambao huwa wanalala. Nilijua nimefanya vizuri. Katikati ya somo nilitupa jicho dirishani, nikidhani labda mama yuko pale amejificha. Palikuwa na ua wa miiba ya kaiyaba tu na ng'ombe wa kanisa.

Kisha akasimama yule msichana. Alichagua eneo la trapeza. Sauti ilimtetemeka, akaangusha chaki, akaiokota, akaanza upya. Alikunja karatasi moja ya daftari na kuikata kwa mkono, ikageuka umbo lingine mbele ya macho yetu. Lilikuwa wazo zuri. Nikaona anatazama dirishani, na sauti inatulia. Nikageuka. Mama yangu alikuwa amesimama pale nje na kitambaa chake cha buluu, vidole kwenye ukingo wa dirisha, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Hakuniona. Alikuwa anatazama ubao, na kila mstari uliochorwa ulikuwa kama unamtoka yeye. Nilitaka kusimama nilifunge lile dirisha.

Mwalimu mkuu alitangaza jina langu.

Nilifurahi kwa muda wa kutoka darasani hadi kwenye geti. Pale nilisikia mzazi mmoja akimwambia mwenzake, "Si ni mtoto wa mwalimu? Ulifikiria watachukua nani?" Jumapili niliyasikia tena nje ya kanisa, na sokoni Othaya mwanamke anayetuuzia maharagwe akamwambia mama hongera, mmejipangia vizuri. Mama alilipia maharagwe. Alikuwa amekataa kuhukumu ili yasisemwe hayo, na yalisemwa vilevile, na mimi niliyeshinda nikawa kama niliyeiba.

Yule msichana ndiye pekee ambaye hakusema hivyo. Alikuja nyumbani na kitabu cha hisabati, amekifunika kwa gazeti. "Asante kwa kitabu yako," akaniambia. "Ulifundisha poa. Mimi ile ya hasara sikuwa nimeielewa, lakini sasa naielewa." Alimaanisha. Ningeweza kumng'ata.

Basi nikaenda Kerugoya na sanduku la bati. Maktaba ilikuwa vile nilivyoikumbuka, na Mlima ulionekana asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Yeye aliingia shule ya kutwa iliyo chini ya kiwanda cha chai. Niliporudi likizo ya kwanza niliingia jikoni nikakuta vitabu kwenye meza, na havikuwa vyangu. Sweta yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wangu.

"Anakuja hapa jioni namsomesha," mama akasema, bila kuacha kukata sukuma wiki. "Ni haki. Wewe ulipata shule, yeye apate meza."

Hakuna aliyeniuliza ningechagua kipi. Kama masista wangekuja siku hiyo na kuniambia tubadilishane, ningevua ile sweta ya rangi ya damu ya mzee pale pale jikoni. Miaka yote minne nilisoma kwa hasira. Wasichana wenzangu walilala wakiota nyumbani kwao. Mimi nilikesha nikiiona meza yetu, taa, kikombe cha chai chenye mkono uliovunjika, na mtu mwingine akieleweshwa kitu polepole, kwa sauti ile. Mtihani wa mwisho alifaulu vizuri tu. Tulipishana alama chache sana, na watu wakasema kumbe hata bila bweni mtoto anaweza, wakinitazama mimi.

Krismasi iliyopita tulikuwa sote nyumbani. Mimi nasoma chuo kikuu, yule msichana anasomea ualimu. Tulikuwa nje kwenye benchi tunamenya minji ya kupondwa na viazi kuwa mukimo, mama katikati. Yule msichana akainuka kwenda kuangalia viazi jikoni. Nikaona nisipouliza leo nitazeeka nalo.

"Mama, ile siku ungeandika nani?"

Hakuuliza ni siku gani. Alimenya ganda moja, akalitupa kwa kuku.

"Wewe. Ulikuwa mbele, hata ukitoa hiyo meza. Nilijua hata kabla mfundishe."

Neno hilo nilikuwa nimelisubiri tangu nikiwa mtoto. Nilitaka alirudie, kwa sauti, watu wa sokoni walisikie. Badala yake nikasema, "Sasa mbona hukuniandika?"

"Watu wangesema napendelea mtoto wangu."

"Na si walisema tu?"

"Wacha waseme, watu sijali." Aliinua bakuli la minji akalitikisa, kana kwamba anatafuta iliyooza. "Lakini yeye pia angesema. Sikutaka mama yangu anifikirie hivyo."

Nilibaki na ganda mkononi. Hata haki yangu niliyoistahili, aliyeipima alikuwa akimtazama mwingine.

Yule msichana akatoka jikoni na sufuria, akipuliza vidole, akatangaza kwamba viazi vimeiva. Benchi letu ni fupi, na alipoinuka sisi tulikuwa tumeijaza nafasi yake. Mama alinigusa goti.

"Sogea kidogo," akaniambia. "Maitu akae."

Nikasogea.