Mzee aliomba taa moja, mdogo wangu akaua redio nzima

Wakuu, salamu kutoka Birmingham. Hili limetokea nyumbani kwangu hapa Lozells na sijatia chumvi. Hasira bado ninazo, mnivumilie.

Mzee wangu alihamia kwangu baada ya mama kufariki. Alikuja na begi la nguo na redio yake ya taa, zile za mbao. Kwa vijana wa humu: kabla ya transista, redio zilikuwa na taa za kioo ndani. Mpaka zipate moto ndipo redio inaongea.

Mzee alipenda kule kusubiri. Anawasha, anaweka kiganja juu, anasikilizia joto linavyopanda. Ndivyo walivyokaa na mama kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Redio za sasa, anasema, zinaropoka kabla hazijafikiri.

Basi taa moja ikafa. Akampigia mdogo wangu anayeishi Northfield: "Mwanangu, nitafutie taa ya redio."

Huyu bwana amekulia huku, Kiswahili chake cha kuombea maji. Akadhani ni kile kitaa cha kumulika stesheni. Akaja akaibeba redio kwa fundi wa kwao, akaagiza full upgrade. Eti surprise.

Ikarudi inang'aa. Ndani transista, Bluetooth na kitaa cha bluu. Mzee akabonyeza, ikaongea palepale. Akaweka kiganja juu, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mbona haipati joto?"

"That's the good thing, Dad. Haili umeme."

Nilikimbilia kwa fundi siku hiyohiyo. Taa zote zilishatupwa. Nilitamani kumzaba mtu kibao, sijui hata nani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee hakugomba. Wiki iliyofuata aliifunga redio kwenye shuka, akamkabidhi mdogo wangu mlangoni.

"Ahsante mwanangu. Nenda nayo, usikilize na wanao."

Na yule bwana akafurahi, akajua kapewa zawadi. Kanitumia na picha, iko jikoni kwake inapiga muziki.

Mzee siku hizi akimaliza kula anaingia kulala, jua halijazama.

Funzo langu: mzazi akikuomba kitu, muulize vizuri anataka nini kabla hujampa unachotaka wewe. Mwenye maoni amwage hapa chini. Ila wa kuja kuniambia dogo alikuwa na nia njema, apite kimyakimya. Hilo nalijua, ndiyo maana hata kumgombeza nimeshindwa.